SOMO LA UFUNDI: Mashine ya Msasa – Tulainishe Mbao Bila Kuharibu Vifua Vyetu

Mwezi huu somo letu linatoka katika karakana, mahali ambapo vijana wetu wanatengeneza mabenchi, vitanda na milango. Tutajifunza juu ya mashine ndogo ya umeme ya kupigia msasa, ile inayoshikwa kwa kiganja kimoja.

Kwa nini somo hili? Kwa sababu mambo mawili yametupata. La kwanza, mashine ya kwanza tuliyopewa iliungua siku ile ile tuliyoiwasha. La pili, mzee mmoja wetu, fundi tangu ujana wake kule kwetu Kongo, ameacha kazi kwa sababu ya kifua. Miaka yote alikohoa akisema, "Ni vumbi tu, litapita." Halikupita. Leo anakaa mlangoni akiwafundisha vijana kwa maneno, maana akisogea karibu na mbao pumzi inakatika. Yeye ndiye aliyetuomba tuandike.

1. TUIJUE MASHINE

Chini ya mashine kuna bamba la mraba lenye sponji. Bamba hilo halizunguki kama gurudumu. Linacheza kwa miduara midogo sana, ya milimita 2 hivi, zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kwa hiyo inalainisha haraka na kufika vizuri kwenye pembe. Lakini haikunyooshi mbao iliyopinda. Hiyo ni kazi ya randa. Anayetaka kunyoosha mbao kwa mashine hii atamaliza misasa na mbao itabaki na mabonde.

2. UMEME KWANZA

Kabla ya kuchomeka, geuza mashine usome kibandiko chake. Hapa Uganda umeme ni wa volti 240. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za volti 120. Hilo ndilo lililotuunguza: tulibadilisha plagi tukadhani tumemaliza. Kubadilisha plagi hakubadilishi umeme. Mashine ya namna hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu ya kutosha.

Wanaotumia jenereta wakumbuke haya:
- Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu waliofungiwa ndani.
- Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke mashine.
- Waya wa kuunganisha ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringwa hupata joto na kuyeyuka.
- Waya upite begani au nyuma yako, usipite mbele ya msasa. Waya uliochubuka usitumike hata kwa dakika moja, wala usishike mashine kwa mikono yenye maji.

3. VUMBI NI ADUI ASIYEPIGA HODI

Maranda makubwa ya randa huanguka chini. Vumbi la msasa ni jembamba, huelea hewani na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha kwamba vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mvule, mbao tunayoipenda kwa milango, vumbi lake linawasha ngozi na kuwaletea wengine pumu.

Basi tufanye hivi. Kazi ifanyike nje chini ya kivuli, au mahali palipo wazi pande mbili, nasi tusimame upande upepo unakotoka. Tuvae miwani ya kukinga macho na barakoa ya kuzuia vumbi inayobana usoni. Kitambaa kilichofungwa mdomoni kinazuia vumbi kubwa tu. Lile jembamba linapita. Mfuko wa vumbi wa mashine umwagwe kabla haujajaa. Jioni tunyunyize maji kidogo kabla ya kufagia. Nguo za kazi zikung'utwe nje, fundi anawe, ndipo abebe mtoto. Kina mama, mnayo haki ya kumzuia mlangoni!

Kuna vitu viwili visivyopigwa msasa kabisa kwa mashine hii: rangi ya zamani, kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru akili za watoto, na mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa.

4. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

a) Chomoa plagi. Kila unapobadilisha msasa, plagi iwe nje. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

b) Karatasi nzima ya msasa ni milimita 230 kwa 280. Ikunje mara nne, uikate kwa kuivuta kwenye ukingo wa rula ya chuma. Robo moja inatosha mashine moja. Ibane ikaze pande zote mbili, maana ikilegea inachanika mara moja. Kama bamba lina matundu, toboa msasa mahali hapo hapo ili vumbi livutwe.

c) Ng'oa au zamisha misumari yote. Kichwa kimoja cha msumari kinararua msasa na kinaweza kurusha kipande machoni. Funga mbao isiteleze.

d) Anza na namba 80 kama mbao ni ya kukwaruza, kisha 120, malizia na 180 au 220. Namba ndogo inakula sana, namba kubwa inalainisha. Usiruke kutoka 80 hadi 220: mikwaruzo ya 80 itabaki, nawe hutaiona mpaka siku ya kupaka vanishi, mteja akiwa amesimama pale.

e) Washa mashine ikiwa juu ya mbao bila kuigusa, kisha ishushe taratibu ikiwa bapa. Ukimaliza, inua kwanza ndipo uzime.

f) Usikandamize. Uzito wa mashine na wa mkono wako unatosha. Ukikandamiza, bamba linashindwa kucheza, mota inapata moto, na mbao inabaki na alama za mviringo. Sogeza polepole kufuata nyuzi za mbao, kila mstari ufunike nusu ya uliopita.

g) Chora mistari miepesi ya penseli juu ya mbao yote. Mistari ikifutika yote, hamia namba inayofuata. Kabla ya kuhamia, futa vumbi.

h) Mwisho, chukua msasa wa namba ile ile ya mwisho upige kwa mkono, kufuata nyuzi, mara chache tu. Hapo ndipo alama ndogo za mashine zinapoondoka.

Mkono ukianza kufa ganzi, pumzika. Mtikisiko wa muda mrefu unaumiza mishipa ya vidole.

5. BAADA YA KAZI

Vumbi la mbao linashika moto upesi, na mota inaweza kutoa cheche. Thina na vanishi zikae mbali, na sigara isiingie. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi visirundikwe, kwa sababu vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje mpaka vikauke. Tukumbuke nyumba zetu zimebanana; moto wa karakana ni moto wa kijiji.

Ndugu zetu, wengi tulikimbia bila chochote, ila ufundi ulio mikononi. Huo hakuna aliyetunyang'anya. Lakini mkono hauna kazi kama kifua kimekufa. Kijana anayejifunza leo akiwa na miaka 18 anapaswa kuwa bado anapumua vizuri akiwa mzee, popote atakapokuwa, hapa au nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini kubadilisha plagi peke yake hakutoshi kwa mashine iliyotoka Marekani?
2. Mteja anataka mlango wake kesho, na barakoa zimekwisha. Utamjibu nini?
3. Katika karakana ya kijiji chenu, watoto wanacheza wapi wakati wa kupiga msasa? Mtabadilisha nini?