Mpiga Besi Kaenda Wapi? Somo la Kusikiliza ...And Justice for All

Ukurasa wa muziki safari hii nimepewa mimi, na najua wengi mlitegemea rumba au Bongo Fleva. Leo tunasoma albamu ya metali. Subiri kidogo kabla hujageuza ukurasa! Hakuna shetani humu, kuna hesabu nyingi na msiba mmoja.

Albamu yenyewe ni ...And Justice for All ya Metallica, bendi ya California. Ilitoka mwaka 1988, ina nyimbo 9 na inachukua dakika 65 hivi. Muziki huu unaitwa thrashi, yaani roki nzito ya kasi. Ila hapa kasi imechanganywa na ufundi wa kukusudia: nyimbo ni ndefu, mbili zinakaribia dakika 10, na kila moja imeshonwa kwa rifu nyingi. Rifu ni kile kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa mpaka kikukae kichwani.

Msikilizaji mgeni hukaa anasubiri kiitikio. Achana nacho, wewe hesabu. Chukua wimbo wa kwanza, Blackened. Unaanza na magitaa yaliyorekodiwa kisha yakachezwa kinyumenyume, utadhani kodiani ya taarab inavuta pumzi. Dramu zikiingia, gonga meza: moja, mbili, tatu, nne. Utakwenda nao sawa kidogo, halafu rifu kuu inakuacha mguu hewani, maana yenyewe inahesabiwa saba. Aliyekulia kwenye ngoma, ambako tatu na mbili hupigwa pamoja na hakuna anayeshangaa, hatapata taabu sana. Rudia mara tatu, utaona mguu umekubali wenyewe.

Kisha nenda kwenye One. Huu umbo lake tunalijua nyumbani. Nyimbo zetu za dansi huanza polepole, mwimbaji anasimulia kisa chake, halafu magitaa yanachemka na watu wanainuka. One nayo iko hivyo hivyo: gitaa laini, sauti ya huzuni, na baada ya dakika nne hivi mambo yanabadilika. Dramu za miguu miwili zinaanza kumimina kama bunduki ya rashasha. Kisa ni cha askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na sauti, akabaki na akili yake tu. Wamekitoa kwenye riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939. Sebene ya Franco inakutoa kitini. Hii inakubana hapo hapo ulipokaa.

Sasa tuje kwenye besi. Mimi naishi Fordsburg, hapa Johannesburg, na chumba tumepanga wawili, mimi na jamaa wa Tanga ambaye kwake muziki ni Sikinde na Msondo. Siku moja niliiweka albamu hii kwenye spika, yeye anapiga pasi. Akasikiliza nyimbo mbili kimya, halafu akauliza: “Sasa kaka, mpiga besi kaenda wapi?”

Hajasoma jarida lolote la roki, lakini alikamata jambo ambalo wapenzi wa Metallica wamelibishania tangu 1988. Besi ilipigwa, ila haisikiki.

Mpiga besi wao, Cliff Burton, alifariki Sweden tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipopinduka usiku. Alikuwa na miaka 24. Baada ya wiki chache tu wakamchukua Jason Newsted, na huyu mgeni alitaniwa na kuonewa sana na wenzake, jambo ambalo bendi yenyewe imelikiri. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti za albamu, amesimulia kwamba mpiga dramu Lars Ulrich alitaka besi ishushwe mpaka karibu isisikike. Wengine hueleza kiufundi: Newsted alifuata mlemle anamopita James Hetfield na gitaa lake la ridhimu, basi sauti nzito za gitaa zikaimeza besi. Mimi naona yote mawili yana ukweli, lakini ninavyoisikia mimi, hawa watu walikuwa bado matangani. Sikiliza To Live Is to Die, uliojengwa kwa vipande alivyoacha Burton. Na Blackened, wimbo unaofungua albamu, ndio pekee humu wenye jina la Newsted kati ya watunzi.

Wewe uliyewahi kuwekwa kwenye kikundi cha kazi ya darasa ambacho kila kitu kilishagawanywa kabla hujafika, jina lako lipo kwenye jalada na sauti yako haipo, Newsted utamwelewa bila mkalimani.

Wimbo uliobeba jina la albamu unazungumzia sheria inayonunuliwa. Hapa Fordsburg haupiti hivi hivi. Oriental Plaza, tunakonunua vitambaa na viungo, ilijengwa miaka ya 1970 ili kuwaweka wafanyabiashara Wahindi waliokuwa wakiondolewa Pageview, jirani tu hapo, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950. Na mwaka 1988 albamu inatoka, nchi hii ilikuwa chini ya hali ya hatari. Metallica wenyewe walikuja kupiga Johannesburg Aprili 2013.

Walipoisafisha upya albamu mwaka 2018, besi waliiacha palepale. Wapo mashabiki walioipandisha wenyewe kwenye kompyuta. Zisikilize hizo baadaye, si kwanza.

Ukishaizoea, endelea na Nothingface ya Voivod wa Kanada (1989), halafu urudi nyumbani: Duma, albamu ya 2020 ya vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hao si thrashi, ni wakali zaidi, na dramu zao ni za mashine. Tumia hedifoni, hasa kama unayekaa naye ana mtihani kesho.