Je, Mungu alimwonea Yesu?

*Kwenye mkutano wa Injili Korogwe tuliambiwa Yesu aliadhibiwa badala yetu. Je, kumwadhibu asiye na kosa ni haki? Hofu hii inaninyima usingizi. – Msomaji, Handeni*

Ndugu msomaji, unahofia kwamba Baba alimwonea Mwana. Hofu hiyo huzaliwa tunapomfanya Yesu mtu wa tatu, aliyekamatwa njiani. Lakini katika Yohana 10:18 anautoa uhai wake kwa hiari, na 2 Wakorintho 5:19 humwonyesha Mungu mwenyewe akipatanisha ndani ya Kristo. Basi anayelipa ndiye aliyekosewa. Kwa nini asisamehe tu? Mwanatheolojia Anselm wa Canterbury, mnamo 1098, alijibu kwamba kosa lisilofidiwa huiacha haki imevunjika. Hoja nzito, ingawa lugha ya deni pekee haitoshi. Soma aya hizo pamoja na Isaya 53, taratibu. Usingizi ukizidi kupotea, mwone mchungaji wako, na daktari pia.