Mashine ya Majani Imegoma? Usianze na Bisibisi

Mvua za masika zikikolea, majani hayamngojei mtu. Unaitoa stoo mashine ya kufyekea iliyolala tangu kiangazi, unavuta kamba mpaka bega linauma, nayo inakohoa mara moja na kunyamaza. Jirani anachungulia uani na kutoa hukumu: "Hiyo kabureta imekufa."

Huenda ni kweli. Ila kabureta nyingi zinazofunguliwa hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye dumu la mafuta, kwenye chujio au kwenye plagi. Iwe ni mashine ya majani, chenso au pampu ya dawa ya mgongoni, injini hizi ndogo za mipigo miwili zinadai mafuta safi, hewa na cheche. Fuata mpangilio huu, kuanzia kisichokugharimu kitu.

1. Mwaga mafuta ya zamani

Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja imeanza kuchoka. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowahi kushika moto, zinapotea hewani, na kinachobaki kinaganda taratibu kama gundi kwenye vitundu vya kabureta. Inuse: ikiwa na harufu nzito ya vanishi, usiipe mashine. Weka mpya ya kituoni, si ya chupa ya barabarani, kisha jaribu kuwasha kabla hujagusa kitu kingine.

2. Pima oili, usikisie

Injini hii haina oili yake pembeni kama ya gari. Inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Kama kitabu cha mashine kinasema 1:50, weka mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kikisema 1:25, ni mililita 40 kwa lita. Kizibo cha soda si kipimo. Nunua bomba la sindano duka la dawa, litakutumikia miaka. Oili iwe ya 2T, si ya injini ya gari, na uichanganye kwenye dumu kwa kutikisa, si ndani ya tangi la mashine. Ikizidi, moshi unatanda na plagi inachafuka. Ikipungua, pistoni inakwaruzika na injini inanoki.

3. Uliza plagi

Baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imeloa, ama mafuta yamezidi ama cheche hakuna. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye masizi ina maana mafuta ni mengi kuliko hewa, na nyeupe ina maana mafuta ni machache.

Wengi huloweka plagi kwa choki. Mashine ikikohoa mara ya kwanza, ondoa choki, kisha vuta tena. Ukiendelea kuvuta huku choki imefungwa, unaimwagia petroli tu.

4. Safisha chujio la hewa

Chujio likiziba kwa vumbi, injini inakosa pumzi na kulewa mafuta, na dalili zake hufanana kabisa na za kabureta mbovu. La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, lisuuze, likauke vizuri. La karatasi likung'ute polepole, au libadilishe. Usiwashe mashine bila chujio hata dakika 5, maana vumbi linaloingia linasaga pistoni na ringi.

5. Fuata njia ya mafuta

Ndani ya tangi kuna chujio dogo kwenye ncha ya mpira. Livute nje kwa waya uliopindwa kama ndoana. Likiwa jeusi na gumu, badilisha. Kagua na mpira wenyewe, maana ufa mdogo unavuta hewa badala ya petroli.

Mashine inayofanya kazi dakika chache kisha kuzima, ipime hivi: legeza kizibo cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, halafu mashine ikawaka vizuri, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Kabureta haina hatia.

6. Sikiliza inavyolalamika

- Inaunguruma vizuri kwenye sailensa, lakini ukipiga resi inazima: mafuta hayatoshi. Kitundu cha kabureta kimeziba au kiwambo chake cha mpira kimekakamaa.
- Inapiga resi yenyewe bila kuguswa: hewa inapenya mahali. Kaza boliti za kabureta na ukague gasketi. Usiendelee kuitumia hivyo.
- Kabureta inadondosha petroli: sindano ya ndani haifungi, au ina uchafu.
- Haina nguvu ilhali kila kitu ni kisafi: tazama ekzosi. Wavu wake mdogo huziba kwa masizi.

7. Sasa fungua kabureta

Nyingi za mashine hizi hazina boya. Zina viwambo viwili vya mpira mwembamba. Kimoja kinasukuma mafuta kutoka tangini, na kingine kinaifungulia sindano kipimo kinachotakiwa. Ndiyo maana chenso hufanya kazi hata ukiilaza ubavu.

Fungulia kwenye sinia, juu ya kitambaa cheupe, na piga picha kila hatua kwa simu. Kiwambo kizima ni laini na kinarudi mahali pake. Kikiwa kigumu kama karatasi iliyokauka, nunua seti mpya ya viwambo na gasketi. Mpelekee muuza vipuri namba iliyogongwa kwenye bodi ya kabureta, kwa sababu nyingi hufanana kwa sura tu. Vitundu visafishe kwa dawa ya kupuliza ya kabureta, ukiwa umetoa sehemu za mpira na kuvaa miwani. Usivichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi.

8. Skrubu ziwe za mwisho

L ni ya mwendo mdogo, H ni ya mwendo mkubwa, na ya tatu ni ya sailensa. Kabla ya kuzigeuza, zifunge polepole huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uzirudishe zilipokuwa. Baada ya hapo rekebisha robo mzunguko kwa mara moja, ukifuata kitabu.

H ndiyo ya kuogopa. Ukiibana, mashine inalia kwa sauti nyembamba na unadhani imepata nguvu. Kumbuka oili inasafiri na petroli: ukipunguza petroli, umepunguza oili pia, na pistoni inaungua. Sailensa nayo ishushe mpaka kisu kisimame kabisa ukiachia mkono. Kisu kinachozunguka chenyewe kinakata miguu.

9. Ilaze ikiwa tupu

Msimu ukiisha, mwaga mafuta yote, iwashe imalizie yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, ndipo uiweke stoo.

Ukifuata yote haya na bado inagoma, au kamba imekuwa laini bila ukinzani, mpelekee fundi, kwa kuwa hapo tatizo linaweza kuwa ringi au pistoni. Mweleze ulichokwisha kukagua, atakuhudumia haraka zaidi. Na kama mashine yako imelala stoo na mafuta ya msimu uliopita tumboni, yamwage leo.