SOMO: PIMWA KWANZA, NDIPO UVAE MASKI

Vijana wetu wengi hunyunyizia maua dawa huko Naivasha. Kwa sheria ya usalama kazini ya 2007, ni wajibu wa mwajiri kuwapa vifaa vya kujikinga. Kitambaa tu hakizuii mvuke wa dawa. Yatakiwa maski yenye chujio.

Lakini maski hiyo hufanya kupumua kuwe kazi. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aweza kuzidiwa. Basi apimwe na daktari kwanza, asifiche ugonjwa kwa kuogopa kufutwa. Ndevu nazo zinyolewe, la sivyo mvuke utapenya kando.

Tujadiliane: Je, kuna mwenzetu anayeficha pumu? Tumsaidieje?