Kuchonga uta kwa mkono: somo kutoka ukingoni mwa Mau

Ukitaja uta mjini Elburgon utawakumbusha watu mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni Waogiek wa Mariashoni na kwingineko Mau, ambao kwa vizazi vingi waliishi kwa asali na nyama ya msituni, uta ukiwa chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. La pili ni chungu. Mwaka 1992, na tena mapema 2008, mishale ilitumika kujeruhi na kuua majirani katika eneo hili la Molo. Hatuna haja ya kuficha hilo la pili. Lakini tukiacha hilo tu ndilo libaki, watoto wetu watajua uta kama silaha ya ghasia, wasijue kamwe kwamba ulikuwa ufundi.

Ufundi wenyewe unapungua. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeshikilia marufuku hiyo, kwa hiyo uta ulipoteza kazi yake kuu. Kinachobaki ni utamaduni na michezo. Utamaduni si jambo dogo: Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek zilikiukwa, haki ya utamaduni ikiwa miongoni mwazo. Kuhusu michezo, kumbuka kwamba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki za Rio, 2016, ilibebwa na mlenga shabaha kwa upinde, Shehzana Anwar.

Tuanze na mti. Usiingie msitu wa serikali na panga. Kukata mti humo bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS) ni kosa, hata kama unachotaka ni fito moja. Tafuta shambani kwako au kwa jirani aliyekubali, hasa wakati wa kupogoa ua. Mkole umetumika kwa mata na mishale sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kuriot, kama Wakalenjin wanavyouita, ni mti mgumu unaojulikana kwa fimbo nzuri, nao unafaa kujaribiwa. Mbao za msonobari na sipresi zilizojaa katika viwanda vyetu vya mbao ziache zijenge nyumba. Ni laini, na ubao uliopasuliwa kwa msumeno mara nyingi nyuzi zake zimekatwa upande. Ukipinda, unavunjika hapo hapo.

Chagua fito iliyonyooka, nene kama kifundo cha mkono, isiyo na macho wala msokoto. Urefu wa sentimita 160 unamtosha mtu mzima. Paka ncha mbili nta au rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati na kupasuka, kisha iweke kivulini penye hewa. Baridi ya Elburgon haina huruma hapa. Subiri miezi, si wiki. Ukitaka uhakika, ipime kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, fito imekauka.

Uta una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaomtazama mlengwa, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Mgongo huvutwa na tumbo hubanwa, na kwa sababu hiyo mgongo hauguswi kwa chuma: toa ganda taratibu na uache nyuzi zikiwa nzima kutoka ncha hadi ncha. Ukizikata mahali pamoja tu, ufa utaanzia hapo. Kuchonga kote hufanyika tumboni na ubavuni. Acha katikati pakiwa pene, sentimita 10 hivi za kushikia, kisha punguza mikono yote miwili polepole kuelekea ncha. Shoka na panga kwanza, kisha kisu na tupa, mwisho kigae cha chupa.

Sasa tumefika penye kazi yenyewe, na hapa ndipo mata mengi huharibika. Fito iliyochongwa vizuri kwa macho bado si uta. Inakuwa uta pale mikono yote miwili inapopinda sawa, na hilo halionekani mpaka uivute. Pigilia ubao imara ukutani, weka kishikio cha uta juu yake, funga kamba ndefu ncha kwa ncha, na uivute chini kwa kamba nyingine ukiwa umesimama kando, si chini yake. Vuta kidogo tu, kama upana wa kiganja. Rudi nyuma utazame. Je, mkono mmoja umebaki mnyoofu? Kuna mahali pamepinda kama kiwiko? Chukua penseli utie alama palipo pagumu, kwa sababu hapo ndipo pa kuparuza. Mahali panapopinda kupita kiasi usipaguse tena. Pumzisha hapo na upunguze kwingine mpaka kulingane.

Paruza mara chache, kisha vuta na kulegeza mara 20 au 30 kabla ya kutazama upya. Mti hauonyeshi mabadiliko papo hapo. Anayeparuza mara mbili bila kuvuta kati yake anakisia tu. Ongeza mvuto kwa vidole viwili vitatu kila mikono inapolingana, na usiuvute zaidi ya pale ulipofika ikiwa bado kuna upande mgumu. Kwa mwanafunzi, mvuto wa kilo 10 hadi 15 kwenye mizani ya ndoano unatosha kabisa. Kutafuta uta wa kuvutwa na majitu ni kiburi, na kiburi hicho huishia kuwa kuni.

Upote wa zamani ulikuwa kano za mnyama. Leo uzi wa fundi viatu, ukisokotwa na kupakwa nta, unafanya kazi vizuri.

Mishale iwe butu, na shabaha iwe gunia lililoshindiliwa nyasi, nyuma yake pakiwa na ukuta wa udongo au mteremko mtupu. Msunguti, mti ambao sumu yake ilipakwa mishale ya uwindaji, usiuguse: sumu hiyo husimamisha moyo. Usitembee sokoni na uta uliofungwa upote. Sheria ya makosa ya jinai inamkamata anayebeba silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu, na katika eneo lenye kumbukumbu zetu, jirani ana haki ya kushtuka. Ufungie nyumbani, uubebe ndani ya kitambaa.

Usiachilie upote bila mshale, kwani nguvu yote hurudi kwenye mti. Baada ya mazoezi fungua upote, ulaze uta juu ya misumari miwili mbali na moto wa jikoni, na uupake mafuta kidogo msimu wa mvua ukianza. Ukiona ufa mwembamba mgongoni, hata kama ni mfupi kuliko ukucha, usiuvute tena.