SOMO LA 12: KAULI YA KUTENDWA NA KAULI YA KUTENDEKA

12.1 Utangulizi

Katika somo lililopita tulichambua kauli ya kutendea. Katika somo hili tutalinganisha kauli mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya: kutendwa na kutendeka. Zote mbili huweka mtendwa mahali pa kiima, lakini hazisemi jambo moja. Soma kifungu kifuatacho, kisha uorodheshe vitenzi vyote vyenye viambishi vya kauli hizo.

12.2 Kifungu: Injini za mvuke za Uingereza

Mnamo Agosti 1968 Shirika la Reli la Uingereza lilihitimisha safari za magarimoshi ya mvuke katika njia zake kuu. Injini kwa maelfu zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu, zikakatwakatwa. Hata hivyo, wapo watu waliozipenda mno wasikubali zipotee. Katika injini ya mvuke kazi yote huonekana na husikika: moto huwaka mbele ya macho ya mchochezi, vyuma vya pembeni huyasukuma magurudumu, na mvuke hufoka kwa kishindo. Ndiyo maana hadi leo wazee kwa watoto husimama kando ya reli, hata mvua inyeshe, wakiingojea injini moja tu ipite.

Upenzi huo ulizaa kazi. Mwaka 1951 reli ndogo ya Talyllyn, nchini Wales, ilianza kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1963 injini mashuhuri ya Flying Scotsman, iliyoundwa Doncaster mwaka 1923, ilinunuliwa na mfanyabiashara Alan Pegler ilipokuwa karibu kuvunjwa. Mjini Barry, kusini mwa Wales, injini nyingi ziliachwa kwa miaka mingi katika uwanja wa vyuma chakavu karibu na bahari, zikaharibika kwa kutu. Mwenye uwanja alitanguliza kukata mabehewa, na wapenzi wa reli wakapata muda wa kuchangisha fedha. Kati ya mwaka 1968 na 1990 injini 213 ziliokolewa kutoka uwanja huo. Nyingi kati yake zilitengenezwa upya, zikaweza kuvuta mabehewa tena.

Si zote zilizopata bahati hiyo. Kulikuwa na injini 49 za aina ya A1 iliyosanifiwa na Peppercorn, zote zilikatwa. Wapenzi wake hawakuwa na cha kutengeneza, kwa kuwa kilichokatwakatwa hakitengenezeki. Basi mwaka 1990 walianzisha mradi wa kuunda nyingine mpya kwa michango midogo midogo, na mwaka 2008 injini ya Tornado ikakamilika.

12.3 Uchambuzi

(a) Umbo. Kauli ya kutendwa hutambulishwa na kiambishi -w-, ambacho huweza kutanguliwa na -i-, -e-, -li- au -le-: kata – katwa, nunua – nunuliwa, okoa – okolewa. Kauli ya kutendeka hutambulishwa na -k-, -ik- au -ek-: okoa – okoka; haribu – haribika; tengeneza – tengenezeka. Vitenzi vichache huongeza -an-: ona – onekana.

(b) Maana. Kauli ya kutendwa humkumbuka mtendaji hata asipotajwa. Aweza kurejeshwa kwa neno "na". Kauli ya kutendeka hutaja hali au uwezekano tu. Linganisha (alama ya nyota huonyesha sentensi isiyokubalika kwa maana iliyokusudiwa):

1. Injini ziliokolewa na wapenzi wa reli.
2. *Injini ziliokoka na wapenzi wa reli.
3. Chuma kiliharibika kwa kutu.
4. Kilichokatwakatwa hakitengenezeki.

Sentensi ya 2 hueleweka kwa maana nyingine tu, yaani injini ziliokoka pamoja na wapenzi hao. Sentensi ya 3 inaonyesha hali, na ya 4 kutowezekana. Zingatia pia kuwa "na" hutangulia mtendaji, ilhali "kwa" hutangulia chombo au sababu: Garimoshi huendeshwa na dereva kwa nguvu ya mvuke.

(c) Uteuzi wa kauli. Mwaka 1938 injini ya Mallard ilifikia mwendo wa takriban kilomita 203 kwa saa. Tukisema rekodi hiyo ya injini za mvuke "haijavunjwa", tunakumbusha kwamba hajatokea wa kuivunja. Vivyo hivyo, mtu akisimulia habari za Barry kwa kusema "injini ziliokoka", sentensi yake ni sahihi kisarufi, lakini imewafuta waliochanga fedha na kukwangua kutu siku zao za mapumziko.

12.4 Kwa mwalimu

Usimfundishe mwanafunzi viambishi pekee. Mtoto avunjaye kikombe husema "kimevunjika", wala hasemi "kimevunjwa". Anaijua tofauti hiyo kabla hajafika darasani. Anzia hapo. Mwongoze aone kuwa kauli moja yaweza kumficha mwenye kosa, na pia kumnyima mwenye wema sifa yake.

12.5 Zoezi

1. Nyambua katika kauli zote mbili: pasua, funga, soma, bomoa.
2. Sahihisha, kisha ueleze kosa: *Reli ya Talyllyn ilihifadhika na watu wa kujitolea.
3. "Injini ya Mount Gelai, iliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, inaonekana leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi." Eleza kwa nini mwandishi ametumia "iliyoundwa" na "inaonekana" katika sentensi moja.
4. Andika aya moja kuhusu kitu kilichohifadhiwa katika eneo lako. Wataje waliokihifadhi.