Kiongozi wa Zamu na Moyo wa Kujali

Machi 16, 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Arusha. Hofu ikafika hadi Songea. Muuguzi wa zamu akajiuliza: mimi nani ananilinda?

Mwaka 1978 James MacGregor Burns alitofautisha uongozi wa kubadilishana, yaani timiza kazi upate ujira, na uongozi wa mageuzi, unaoinua watu. Wa kwanza hupanga zamu na kuhesabu barakoa. Wa pili huuliza: "Sista, umekula? Nyumbani hawajambo?"

Wodini vyote vinahitajika. Salamu bila barakoa haimlindi mtu. Lakini muuguzi anayeishi kwa kufokewa atapima joto haraka na kuondoka; anayesikilizwa hukaa kidogo na mgonjwa.

Wewe unayekwenda fildi, ukikabidhiwa zamu utaanzia wapi?